Michezo na Burudani kwa Watu Wenye Ulemavu: Tiba Isiyoishia Kwenye Lango la Hospitali

Malengo ya somo

Baada ya kusoma makala haya, msomaji ataweza: (1) kueleza uhusiano uliopo kati ya burudani na afya ya mtu mwenye ulemavu, (2) kutaja tahadhari za kitabibu zinazohitajika kabla ya michezo na wakati wa michezo, na (3) kufuata hatua za kudai na kuanzisha programu ya burudani katika mtaa, kijiji au kata yake.

Utangulizi

Mgonjwa aliyeumia uti wa mgongo anaporuhusiwa kutoka hospitalini, hukabidhiwa karatasi yenye mambo machache: dawa za kutumia, tarehe ya kurudi kliniki, maelekezo ya kujigeuza kitandani na ya kutunza kibofu cha mkojo. Hayo yote ni ya lazima. Lakini ni nadra sana kukuta katika karatasi hiyo mstari unaoeleza atatoka nyumbani siku zipi, atakutana na nani, na atacheza nini. Huduma huchukuliwa kuwa imekamilika, ilhali maisha ambayo huduma hiyo ilikusudiwa kuyaokoa ndiyo kwanza yanaanza.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.3, yaani mtu mmoja kati ya kila sita, wanaishi na ulemavu mkubwa. Taarifa ya shirika hilo ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa baadhi yao hufariki hadi miaka 20 mapema kuliko watu wasio na ulemavu. Tofauti hiyo haitokani na ulemavu peke yake. Sehemu yake kubwa inatokana na mazingira, umaskini, kutengwa na huduma zisizowafikia. Makala haya yanajadili mojawapo ya huduma hizo, ambayo mara nyingi huonekana kuwa anasa: fursa ya kucheza, kuburudika na kukaa pamoja na wenzao. Hoja yetu ni kwamba fursa hiyo ni sehemu ya tiba, na kwamba mhudumu wa afya, mgonjwa na familia yake wana wajibu wa kuidai.

Tunamaanisha nini tunaposema burudani

Neno michezo humfanya mtu afikirie uwanja, jezi na medali. Burudani ni pana zaidi ya hapo. Kucheza bao chini ya mwembe, drafti kibarazani, kuimba katika kwaya au kikundi cha taarab, kughani mashairi, kucheza ngoma, kuogelea, na hata kwenda na wenzako kutazama mpira ni burudani. Mtu asiyeona anaweza kucheza bao kwa kupapasa mashimo na kuhesabu kete kwa vidole. Kiziwi hucheza ngoma kwa kufuata mtikisiko wa ardhi na mwendo wa wenzake.

Programu ya burudani ya jamii ina sifa nne. Hufanyika kwa ratiba inayojulikana, walau mara moja kwa wiki. Hufanyika karibu na makazi ya wahusika. Imepangwa kwa namna inayomwezesha mtu mwenye ulemavu kushiriki, badala ya kumweka pembeni awe mtazamaji. Na wenye ulemavu wenyewe wanakuwa na sauti katika kuamua kitakachofanyika. Kwa vigezo hivyo, bonanza linaloandaliwa kila tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, ni jambo jema, lakini siku moja katika mwaka haiwezi kuitwa programu.

Michezo iliyozaliwa wodini

Wapo wanaodhani kuwa michezo ya watu wenye ulemavu ilibuniwa na vyama vya michezo, kisha hospitali zikaipokea. Historia inaonyesha kinyume chake. Mwaka 1944, Ludwig Guttmann, daktari wa mishipa ya fahamu aliyekuwa amekimbilia Uingereza kutoka Ujerumani mwaka 1939, alikabidhiwa kitengo cha majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville. Wakati huo mgonjwa aliyepooza miguu kwa kuumia uti wa mgongo hakutarajiwa kuishi muda mrefu. Wengi walifariki kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo.

Guttmann alisisitiza wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa chache, vibofu vyao vitunzwe kwa usafi, na kisha, jambo lililowashangaza wengi, wacheze. Michezo hiyo iliimarisha mikono na kiwiliwili, ilirudisha uwezo wa kujisawazisha katika kiti, na zaidi ya yote ilimpa mgonjwa sababu ya kuamka asubuhi. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile ilipofunguliwa Michezo ya Olimpiki ya London, washiriki 16, wanaume 14 na wanawake wawili, walishindana kulenga shabaha kwa upinde na mshale katika viwanja vya hospitali hiyo. Kutokana na mbegu hiyo ilichipuka michezo ya Roma ya mwaka 1960, inayohesabiwa kuwa Paralimpiki ya kwanza.

Upande wa ulemavu wa akili, Eunice Kennedy Shriver alianza mwaka 1962 kwa kambi ya michezo ya watoto nyumbani kwake Maryland, Marekani. Mwaka 1968 michezo ya kwanza ya kimataifa ya Special Olympics ilifanyika Chicago. Baadaye, kuanzia mwaka 1997, harakati hiyo iliongeza jambo lenye funzo kubwa kwetu: upimaji wa macho, meno, masikio na afya kwa jumla katika viwanja vya michezo. Ilibainika kuwa wengi waliokuja kucheza walikuwa na maradhi ambayo hayakuwahi kugunduliwa. Uwanja ukawa mlango wa kliniki.

Hapa kwetu Tanzania, timu ya taifa ya soka la watu waliokatwa viungo, Tembo Warriors, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2022 nchini Uturuki. Katika mchezo huo wachezaji wa ndani hukimbia kwa magongo, bila miguu ya bandia, na golikipa ni mtu mwenye upungufu wa mkono. Ushindi wao unastahili pongezi. Lakini tukumbuke kwamba mtu mmoja huingia timu ya taifa, ilhali maelfu hubaki nyumbani. Kipimo cha jamii si medali pekee. Tuulize pia: mtu aliyekatwa mguu katika hospitali ya wilaya mwezi uliopita, Jumamosi hii ana mahali pa kwenda?

Faida za kiafya

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mazoezi ya mwili ambao, kwa mara ya kwanza, uliweka mapendekezo mahususi kwa watu wenye ulemavu. Mtu mzima anashauriwa kupata dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi kwa wiki. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anashauriwa kupata wastani wa dakika 60 kwa siku. Viwango hivyo ni sawa na vya watu wengine. Asiyeweza kuvifikia aanze kidogo na kuongeza taratibu, kwa kuwa mazoezi kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa.

Kwa mwili, mazoezi husaidia kudhibiti shinikizo la juu la damu, kisukari na uzito, maradhi yanayomwandama mtu anayekaa muda mrefu bila kujongea. Huzuia viungo kukakamaa, huimarisha mifupa na huboresha usingizi. Kwa akili, hupunguza sonona na wasiwasi. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo au ulemavu wa akili, mchezo ndiyo njia ya kujifunza kusubiri zamu, kushika, kurusha, kuomba na kukataa.

Faida nyingine haionekani kwa kipimo cha maabara, nayo ni kubadilishana maarifa. Mtu anayetumia kiti mwendo kwa miaka kumi humfundisha mgeni mambo ambayo muuguzi hana muda wa kuyafundisha: namna ya kupanda kizingiti, mahali pa kupata mto wa kukalia, jinsi ya kujibu maswali ya majirani. Vivyo hivyo, mama wa mtoto mwenye ulemavu anapokutana na mama mwenzake hupata pumziko, na hugundua kuwa hayuko peke yake.

Haki, si hisani

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa Desemba 2006. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Ibara yake ya 30 inazitaka nchi wanachama kuhakikisha kuwa watu wenye ulemavu wanashiriki, kwa usawa na wengine, katika maisha ya kiutamaduni, burudani, mapumziko na michezo. Inataja njia mbili, na zote zina umuhimu: kushiriki katika michezo ya kawaida pamoja na watu wote, na kuwa na michezo yao mahususi yenye mafunzo na nyenzo zake. Inasisitiza pia kuwa watoto wenye ulemavu wapate kucheza sawa na watoto wengine, ikiwemo shuleni. Mwaka 2010 Tanzania ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9, kwa kuzingatia misingi hiyo.

Nao mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 kuhusu utengamao ngazi ya jamii unataja nguzo tano: afya, elimu, kipato, maisha ya kijamii na uwezeshaji. Ndani ya nguzo ya maisha ya kijamii, burudani na michezo vimeandikwa bayana. Kwa hiyo mhudumu anayemwelekeza mgonjwa kwenye kikundi cha michezo yumo ndani ya mipaka ya taaluma yake.

Vikwazo: mfano wa kujadili

Tuchukue mfano wa kufikirika. Kijana wa miaka 24 ameanguka kutoka juu ya mnazi na kupooza miguu. Amepata matibabu mazuri na kiti mwendo. Miezi sita baadaye anarudi na kidonda kikubwa cha kulalia. Anapoulizwa anaeleza kuwa hushinda kitandani tangu asubuhi. Kiti anacho, lakini hana pa kwenda. Njia ya kutoka nyumbani ina mchanga mwingi. Uwanja wa mtaa una ngazi tatu langoni na hauna choo anachoweza kuingia. Bodaboda humtoza nauli mara mbili kwa sababu ya kiti. Na vijana wenzake waliacha kumpitia baada ya mwezi wa pili.

Kidonda hiki kitasafishwa na kufungwa, na pengine kitahitaji upasuaji. Lakini chanzo chake ni maisha ya kulala siku nzima. Asipopata sababu ya kuondoka kitandani, kidonda kitarudi. Tukikitazama kisa hiki kwa makini tutaona kuwa vikwazo vingi havimo mwilini mwa kijana. Vimo katika mchanga, ngazi, choo, nauli na mazoea ya watu.

Wanawake na wasichana wenye ulemavu hukabiliwa na vikwazo vya ziada. Kazi za nyumbani huwabana, wazazi huhofia usalama wao njiani, na mara nyingi michezo inayoandaliwa ni ya wanaume tu. Programu isiyowauliza kuhusu saa, mahali na aina ya mchezo itawaacha nje hata kama milango iko wazi.

Tahadhari za kitabibu

Kwa watu wengi wenye ulemavu, madhara ya kukaa bila kujongea ni makubwa kuliko hatari za mchezo unaolingana na uwezo wao. Hata hivyo, zipo tahadhari ambazo mhudumu, mwalimu na mchezaji wanapaswa kuzijua.

Majeraha ya uti wa mgongo: Mchezaji ajiinue au ainamie upande kila baada ya dakika 15 hadi 30 ili kupunguza mgandamizo, na akague ngozi ya makalio baada ya mchezo. Aliyeumia sehemu ya juu ya uti wa mgongo anaweza kushindwa kutoa jasho chini ya jeraha, hivyo apewe kivuli na maji ya kujipoza. Akipata ghafla maumivu makali ya kichwa, uso kuiva na jasho usoni, hiyo ni dharura: aketishwe wima, nguo na mikanda ilegezwe, mpira wa mkojo uangaliwe kama umekunjika au kibofu kimejaa, na apelekwe hospitalini haraka.

Waliokatwa viungo: Kigutu kikaguliwe kabla na baada ya mchezo. Aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari aukague pia mguu uliobaki, asicheze peku, na awe na kitu chenye sukari karibu.

Ualbino: Jua ndilo adui. Michezo ya nje ifanyike asubuhi mapema au jioni, na mchezaji avae kofia pana na mikono mirefu, na apake losheni ya kuzuia mionzi. Kwa kuwa wengi wana uoni hafifu, mpira uwe wa rangi inayoonekana vizuri.

Kifafa: Mtu mwenye kifafa anaweza kushiriki michezo mingi. Asiogelee bila mwangalizi anayejua kuogelea na aliye karibu naye.

Dalili ya Down: Wengi huzaliwa na kasoro za moyo, hivyo moyo upimwe kabla ya michezo ya nguvu. Maumivu ya shingo, udhaifu mpya wa miguu au mabadiliko ya mwendo ni ishara ya kusimamisha mchezo na kumwona daktari, maana viungo vya shingo vinaweza kuwa legevu. Kupiga sarakasi na kugongana kichwa kuepukwe.

Uziwi na kutoona: Filimbi peke yake haitoshi, mwamuzi atumie pia kitambaa au ishara ya mkono. Kwa asiyeona, uwanja uelezwe na kupapaswa kabla ya mchezo, na watazamaji wakae kimya mpira unapochezwa.

Nyenzo rahisi

Hoja inayotolewa mara kwa mara ni ukosefu wa fedha. Ni kweli kuwa kiti mwendo cha michezo ni ghali. Lakini si kila mchezo unahitaji kiti hicho. Mpira wa wavu wa kuketi unahitaji kamba iliyofungwa chini na eneo lisilo na mawe. Humo aliyekatwa mguu, aliyepooza kwa polio na asiye na ulemavu wanacheza timu moja, wote wakiwa wameketi. Mpira wa matambara uliofungiwa njuga ndani humwongoza asiyeona kwa sauti. Mifuko midogo ya kitambaa iliyojazwa mchanga inaweza kutumika kulenga shabaha, mchezo unaomfaa hata mwenye mtindio wa ubongo anayeweza kusukuma kwa mguu au kwa kipande cha bomba kilichowekwa mteremko. Bao, karata na kwaya havihitaji uwanja.

Gharama halisi, na ambayo husahaulika katika bajeti, ni nauli, mkalimani wa lugha ya alama, maji na choo kinachofikika. Mpango usiotaja mambo hayo manne utaanza kwa shangwe na kufa baada ya wiki chache.

Hatua za kutetea na kuanzisha

Kwanza, anza na wahusika. Kaulimbiu ya watu wenye ulemavu ni kwamba lisiamuliwe jambo lolote kuwahusu bila wao. Waulize wanataka kucheza nini kabla ya kununua mpira.

Pili, jueni idadi yenu. Kliniki ya fiziotherapia, kliniki ya watoto, shule zenye vitengo maalumu na serikali ya mtaa zinaweza kusaidia kujua wangapi wanahitaji programu, wenye ulemavu gani na wanaishi wapi. Majina yatolewe kwa ridhaa ya wahusika tu.

Tatu, kagueni mahali. Nendeni uwanjani pamoja na mtumiaji wa kiti mwendo na mtu asiyeona. Pimeni lango, njia na choo. Andikeni mnachokiona.

Nne, andikeni ombi fupi lenye hoja tatu: hitaji la kiafya, haki ya kisheria na gharama. Mlipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, kisha kwenye kamati ya maendeleo ya kata na kwa diwani. Katika halmashauri, waoneni afisa ustawi wa jamii na afisa utamaduni na michezo. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, lakini mipango huandaliwa miezi mingi kabla. Ombi linaloletwa mwezi Juni limechelewa.

Tano, msichanganye mafungu. Mikopo ya halmashauri, ambayo asilimia 2 ya mapato ya ndani hutengwa kwa watu wenye ulemavu, imewekwa kwa shughuli za kiuchumi. Ni msaada mkubwa kwa kipato, lakini haijengi mteremko kwenye lango la uwanja. Burudani iombewe nafasi yake katika mpango wa halmashauri.

Sita, anzeni na kidogo kilichopo. Kikundi cha watu wanane wanaokutana kila Jumamosi saa kumi jioni kina nguvu ya hoja kuliko andiko la kurasa arobaini. Diwani akialikwa kutazama, na akaombwa aketi chini na kucheza pamoja nao, ataelewa haraka.

Saba, unganisheni kikundi na huduma. Mara moja kila baada ya miezi mitatu mhudumu wa afya apime shinikizo la damu, sukari, macho na ngozi uwanjani. Na kila mgonjwa anayeruhusiwa kutoka wodini akiwa na ulemavu mpya aandikiwe katika karatasi yake siku, saa na mahali kikundi kinapokutana, na namba ya kiongozi wake aliyeridhia itolewe.

Wito kwa mgonjwa na familia

Ndugu msomaji unayeishi na ulemavu, una haki ya kumuuliza daktari au mtaalamu wako wa fiziotherapia swali hili: "Ni mchezo gani unaonifaa, na nikaucheze wapi?" Kama hakuna mahali, jibu hilo nalo ni taarifa ya kupeleka kwenye mkutano wa mtaa. Nawe mzazi au mlezi, kumficha mtoto ndani kwa nia ya kumlinda humnyima chakula ambacho sahani haiwezi kumpa. Mtoe nje, kwanza kwa jirani, kisha kwa kikundi.

Hitimisho

Tiba ya mtu mwenye ulemavu hukamilika pale anapopata nafasi yake miongoni mwa watu. Hospitali haiwezi kuitoa nafasi hiyo peke yake, lakini inaweza kuiombea, kuielekeza na kuilinda kitaalamu. Mstari mmoja unaoongezwa katika karatasi ya kumruhusu mgonjwa, ukitaja siku, saa na mahali pa kucheza, hauhitaji bajeti. Unahitaji tu pawepo kikundi cha kukiandika. Kazi ya kwanza ni kuhakikisha kikundi hicho kipo.

Maswali ya kujadili

1. Katika mfano wa kijana aliyeanguka kutoka juu ya mnazi, taja vikwazo ambavyo serikali ya mtaa ingeweza kuviondoa ndani ya mwezi mmoja.

2. Katika kituo chako cha afya, ni nani anayefaa kuratibu uhusiano kati ya wodi na vikundi vya burudani, na kwa nini?

3. Chagua mchezo mmoja unaopendwa katika eneo lako. Ni mabadiliko gani yatawawezesha asiyeona, kiziwi na mtumiaji wa kiti mwendo kuucheza pamoja na wengine?